Kabla Hujabandika: Mwongozo kwa Mwenye Ujumbe na Mwenye Haraka

Umepewa kazi. Kamati ya harusi, ya msikiti, ya kanisa au ya chama cha kuweka na kukopa imekuteua ushughulikie "mambo ya matangazo" kwa sababu moja tu: simu yako ina kioo kikubwa. Ndani ya saa moja umeshatengeneza mstatili wenye picha saba, rangi tisa, mistari kumi na minne ya maandishi na ua kila pembe. Mstatili huo unautuma WhatsApp, unauchapa kwenye karatasi, unauvuta mpaka unakuwa turubai la mita tano, kisha unaagiza fulana zenye mstatili uleule kifuani. Umenunua kiatu kimoja na sasa unataka kukivalisha ukoo mzima, kuanzia babu hadi kitukuu.

Mwongozo huu ni wako, na umeandikwa kwa mapenzi. Mtu anayeweka picha mbele ya macho ya wenzake ameazima kitu chao. Anayeazima sharti ajue anaazima nini, kwa muda gani, na atakirudishaje. Bango, kanga, katuni, ubavu wa daladala, video na kioo cha simu ni vyombo tofauti kwa sababu kila kimoja huazima jicho kwa namna yake. Ukilijua hilo, nusu ya ubunifu imekwisha kabla hujafungua programu yoyote.

Hatua ya 1: Pima jicho kabla ya kupima turubai

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Walisema kweli, ila hawakutaja atatazama kwa muda gani, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Kabla ya kuchagua rangi, jibu maswali matatu. Mtazamaji atakuwa umbali gani? Atakupa sekunde ngapi? Na mwili wake utakuwa katika hali gani: amekaa, amesimama, anatembea, anaendesha, au amelala chali na simu inamning'inia juu ya pua?

Umbali, muda, mkao. Andika majibu matatu kwenye kipande cha karatasi na usikipoteze. Bango la barabarani na kadi ya mwaliko vinaweza kubeba maneno yaleyale na picha ileile, lakini bango linasomwa na mtu anayepita mbio, na kadi inasomwa na mtu aliyekaa, anayeigeuza mara mbili kutafuta ukumbi uko wapi na mchango ni kiasi gani. Huyu wa pili atakupa dakika tatu na ataisoma kadi mpaka jina la mchapaji. Yule wa kwanza hana hata dakika moja ya kukupa.

Majibu hayo matatu yakishapatikana, maamuzi mengine hujipanga yenyewe: ukubwa wa herufi, wingi wa maneno, picha iwe moja au nyingi, rangi ziwe ngapi. Mbunifu anayeanza na rangi ameanzia jikoni kwenye vitunguu kabla ya kujua wageni ni wangapi.

Hatua ya 2: Bango la barabarani linataka hesabu

Wachora mabango wana kanuni yao ya zamani: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka mita 3. Kwa kipimo hicho, herufi ya sentimita 30 husomeka kwa raha kutoka mita 36. Sasa chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Gari hilo hukata mita 22 kila sekunde. Gawanya 36 kwa 22 na utaona kuwa dereva anakusoma kwa raha kwa sekunde moja na nusu na ushei, akiwa na bodaboda kulia, mbuzi kushoto na lori la saruji mbele.

Katika muda huo mtu hudaka maneno machache na picha moja. Kwa hiyo mpe maneno machache na picha moja. Nini, lini, wapi: basi. Namba ya simu yenye tarakimu kumi haidakiki kwa mwendo huo. Wala orodha ya wadhamini haidakiki.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye kompyuta. Uko nyuma ya kiti cha fundi, ambako mwenyekiti wa kamati atasimama.

"Fundi, hapo juu ongeza jina la mgeni rasmi."

"Sawa, mzee."

"Na la mgeni maalumu. Na la mlezi. Na picha yangu, hapo pembeni."

"Mzee wangu, nafasi imekwisha."

"Si upunguze tu maandishi?"

Hapo ndipo unapotakiwa kusimama imara. Herufi zikipunguzwa mara tatu, bango linageuka waraka uliotundikwa juu ya nguzo, na waraka juu ya nguzo hausomwi hata na aliyeuandika. Mweleze mzee kwa adabu kwamba majina yote yatapewa nafasi yao kwenye kadi na kwenye ratiba ya shughuli, ambako wasomaji wamekaa na wana muda wa kuyaheshimu. Akikataa, mchukue barabarani, mkapande naye gari, mkapite mbele ya bango la jirani. Hakuna hoja inayoshinda hiyo.

Hatua ya 3: Alama haikai kimya

Ukitaka kumfikia kila mtu, pamoja na asiyesoma, utahitaji alama. Barabara inatufundisha namna yake: pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, na ile ya pembe nane inakusimamisha. Umbo lenyewe linasema kabla ya maandishi kufika. Hata matope yakilifunika neno, pembe nane zimebaki, na dereva mwenye akili anakanyaga breki.

Lakini usidhani alama itabeba maana uliyoipa wewe peke yako. Katika uchaguzi wa wabunge wa 1965 Tanzania Bara, majimbo yenye ushindani yalikuwa na wagombea wawili wa chama kimoja, TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, na alama hizo zilikusudiwa kuwatofautisha watu wawili bila kumpendelea yeyote. Kampeni ziliugeuza mpango huo kuwa mashindano ya fasiri. Wa jembe aliwauliza wananchi watakula nini bila jembe. Wa nyumba akawauliza wakishakula watalala wapi. Vitu viwili vilivyochorwa ili visiseme lolote vikawa ndivyo vinavyosema zaidi ya wagombea.

Miaka 40 baadaye, mnamo Novemba 2005, Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa La. Chungwa lilishinda, na halikurudi sokoni. Liliingia kwenye siasa na kuzaa Orange Democratic Movement, chama kilichochukua jina na rangi ya tunda hilo. Katika kura ya maoni ya 2010 zikatumika rangi, kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La, na kila aliyewahi kusimama kwenye taa za barabarani alizifikia rangi hizo akiwa tayari na maana zake.

Kanuni inayotoka hapo ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata. Kabla hujachapa alama, waonyeshe watu watano wasiohusika na kamati, usiwaeleze chochote, na uwaulize wanaona nini. Njiwa wako wa amani akiitwa kuku mara tatu, mchoree mabawa upya. Kisha ichapishe alama hiyo kwa wino mweusi tu, ikiwa na upana wa sentimita moja. Ikisomeka hivyo, itasomeka popote. Isiposomeka, rangi zote za duniani hazitaiokoa.

Hatua ya 4: Nenda dukani ukasome kanga

Pwani yetu imekuwa na chombo chake cha picha na maneno kwa zaidi ya karne moja, na mbunifu anayetaka kuona kazi iliyokamilika aanzie duka la kanga. Mombasa, jina la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi wanalifahamu kwa "Mali ya Abdulla", lilianza biashara mwaka 1887. Majina ya kanga, yaani maneno yake, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini, na mpangilio haujayumba: pindo kuzunguka pande nne, mji katikati, na jina likiwa sehemu ya chini ya mji, juu ya pindo. Kila kitu kina mahali pake, na jicho halihangaiki.

Soma jinsi maneno yalivyopimwa. Jina la kanga huisha kwa pumzi moja. Halina mkato wa pili wala aya. Anayelisoma yuko hatua chache nyuma ya aliyejifunga, wote wawili wanatembea, na kitambaa kinacheza. Umbali mfupi, muda mfupi, mkao wa kutembea: maneno manne au matano yanatosha, na waliotunga majina ya kanga walilijua hilo bila kufundishwa na chuo chochote.

Jambo la pili ni kwamba mchapaji wa kanga hasemi. Anayesema ni mwenye kuivaa. Doti ileile inaweza kupelekwa kwa mama kama shukrani, ikajifungwa uani ili jirani aione, au ikakaa sandukuni ikisubiri siku yake. Wifi akilalamika kuwa amesemwa, mvaaji ana haki ya kujibu kuwa alipenda rangi. Na kwa kuwa jina hukaa nyuma, husomwa na anayeachwa wakati msemaji anaondoka zake, hivyo hakuna nafasi ya kubishana. Hapo chombo, mwili na adabu za watu vimefanya kazi pamoja. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, inaingia kwenye harusi na kumtangaza bibi harusi kwa sura yake tu.

Kama taasisi yako inataka kuchapa kanga ya kampeni, fuata mambo matatu. Tunga jina ambalo mtu angetaka kulisema kwa mdomo wake mwenyewe. Kaulimbiu ya idara haijawahi kumsaidia mtu kumjibu jirani. Acha tovuti na namba za simu mbali na pindo. Na kabla ya kuweka uso wa kiongozi katikati ya mji, chukua kitambaa, kifunge kiunoni, kisha keti. Umeona uso umekwenda wapi. Uhamishe sasa, wakati bado ni mchoro.

Hatua ya 5: Gari lina uso na lina mgongo

Bango linakaa na watu wanapita. Gari linapita na watu wamekaa. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu.

Angalia uso wa gari kwanza. Kituoni, abiria anataka kujua jambo moja kabla basi halijafika: je, ni langu? Kila daladala ya Dar es Salaam hutambulika kwa mkanda wa rangi wa njia yake. Zanzibar hutumia namba, na aliyezoea anajua kuwa 505 inakwenda uwanja wa ndege na 502 inakwenda Bububu. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutumika 2004 chini ya Waziri John Michuki ziliitaka kila matatu ivae mkanda wa manjano, na ujumbe wake ukawa wa aina nyingine: gari hili ni la abiria, na limo chini ya sheria. Rangi na namba zinafaa hapo kwa sababu zinadakwa kwa kutupa jicho, katikati ya vumbi na kusukumana.

Mgongo wa gari una maisha mengine. Aliye nyuma yako kwenye foleni ya jioni hana pa kwenda. Mita tatu mbele yake kuna kioo cha nyuma cha daladala, na atakitazama kwa dakika kumi, ishirini, mpaka taa ziwahurumie. Ndiyo maana misemo, mafumbo, mistari ya dini na majigambo ya timu hukaa mgongoni. Huko mtu ana muda wa kusoma, kufikiri, kucheka na hata kumsomea mwenzake. Wachoraji wa matatu za Nairobi wamekwenda mbali zaidi: ubavu mzima ni sura za wanamuziki, wachezaji na mashujaa, kwa sababu ubavu ndio unaoonekana na watu waliosimama kandokando ya barabara wakati gari linakwenda taratibu kutafuta abiria.

Basi ukipewa gari la kutangazia, ligawe kama mafundi hao walivyoligawa. Mbele, jambo moja la kudakwa. Ubavuni, picha kubwa. Nyuma, maneno ya kutafuna. Anayeandika aya mbele na kuacha mgongo mtupu hajawahi kukaa kwenye foleni.

Hatua ya 6: Katuni inahitaji mazoea

Msomaji wa gazeti amekaa, gazeti liko kwenye urefu wa mkono, na kesho atarudi. Hilo la kurudi ndilo utajiri wa katuni. Bango linakutana na mgeni kila mara. Mchora katuni anakutana na rafiki.

Ndiyo maana wahusika wetu wakubwa wa katuni walijengwa kwa miaka. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, hawakuhitaji kujitambulisha kila asubuhi. Msomaji alishawajua tabia zao, kwa hiyo mchoraji aliweza kuingia moja kwa moja kwenye kisa. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, alifanya hivyohivyo kwa wanasiasa. Baada ya Uhuru Kenyatta na William Ruto kushtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, aliwachora wakiwa wamefungwa mguuni mnyororo wenye tufe zito. Alipourudia mnyororo huo, msomaji hakuhitaji tena maelezo ya kesi. Mnyororo wenyewe ulishakuwa habari.

Gado huyohuyo anatufundisha pia namna ya kuhama chombo. Kipindi cha XYZ Show kilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni nchini Kenya mwaka 2009, michoro yake haikubandikwa tu kwenye kioo. Wanasiasa walifinyangwa upya wakawa vikaragosi vyenye sauti, mwendo na mavazi, na nyuma yao kukawa na waandishi, waigizaji wa sauti na wachezesha vikaragosi. Kejeli ni ileile, ila imejengwa upya tangu msingi. Ukitaka kupeleka bango lako kwenye video, lifanyie hivyo. Kuliacha limesimama kimya kwa sekunde thelathini huku muziki ukipigwa hakulifanyi kuwa video.

Na ukichora katuni kwa ajili ya elimu ya afya au ya kilimo, usimpe mhusika wako hotuba. Puto la maneno likifunika nusu ya mchoro, andika makala na umwache mhusika apumzike.

Hatua ya 7: Kamera inataka muda, na inadaiwa majina

Mnamo Oktoba 1984, Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyekuwa ameanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, aliingia Korem, Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Habari za njaa zilikuwa zimeshaandikwa kabla ya hapo. Nyingi zilikuwa maneno na takwimu. Alichokileta Amin ni picha zinazotembea, zilizopigwa bila pupa, zikipita juu ya umati wa watu waliokaa chini wakisubiri, alfajiri, kwenye ukungu. Televisheni za nchi nyingi zilizirusha. Kufikia Julai 1985 kulikuwa na matamasha ya Live Aid ya kuchangisha fedha, yaliyotazamwa duniani kote.

Kwa nini video ilifanya ambacho maandishi hayakufanya? Kwa sababu ya muda. Msomaji wa takwimu anachagua mwenyewe kasi yake na anaweza kuiruka namba asiyoipenda. Mtazamaji wa video anakwenda kwa kasi ya mpigapicha, na Amin alikataa kuharakisha. Hilo ni somo la ufundi: unapopiga video, kaa na jambo lako mpaka lionekane. Kamera inayorukaruka kila nusu sekunde inamnyima mtazamaji kitu pekee ambacho chombo hicho kinacho na vingine havina.

Kuna somo la utu pia. Watu wengi waliomo katika picha za majanga walizunguka dunia bila majina yao. Jicho tuliloliazima ni la mtazamaji, lakini uso tulioupiga ni wa mtu. Ukipiga picha ya mgonjwa, mkulima au mtoto wa shule kwa ajili ya mradi wako, muombe ruhusa kwa lugha anayoielewa, mwambie picha itakwenda wapi, na akikubali atajwe, mtaje chini ya picha. Mstari huo mmoja wa maelezo hubadilisha kielelezo cha shida kuwa mtu mwenye kwao.

Hatua ya 8: Usimdharau anayetazama

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa sinema za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliotengeneza filamu zaidi ya 30 za kuonyeshwa Afrika Mashariki. Watengenezaji wa filamu wa zama hizo za ukoloni, akiwamo William Sellers aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni cha Uingereza, waliamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Basi wakasisitiza filamu za polepole, zisizo na mbinu, zinazoonyesha kila hatua. Walimpima mtazamaji kwa dharau na kuita hiyo sayansi.

Vizazi vya baadaye vimewajibu. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walizichukua filamu za Hong Kong, India na Marekani, zenye mapigano yanayokwenda kasi ya upepo, wakaziwekea juu sauti ya Kiswahili: wanafasiri, wanatania, wanampa jambazi jina la mtaani. Vibanda vya video vikajaa. Watazamaji hawakuwa na tatizo lolote la kufuata picha. Walichokosa kilikuwa lugha, na alipotokea wa kuwapa, walikaa mpaka mwisho.

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika kuwa "wananchi hawaelewi", chunguza kama umewaambia kwa lugha yao, kwa herufi wanazoweza kuziona, mahali wanapopita. Mara tisa kati ya kumi kosa liko upande wa meza yako.

Hatua ya 9: Jua tabia ya wino na ya kioo

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vitu vilivyokuwa karibu: vipande vya mraba vya ubao wa dari na rangi ya mafuta inayotumika kwenye baiskeli. Rangi hiyo inang'aa na inapenda kukaa bapa. Akachora wanyama na ndege wenye ukingo ulio wazi na rangi zisizosita. Aliuawa mwaka 1972, lakini mtindo huo unabeba jina lake mpaka leo. Aliisikiliza rangi, nayo ikampa njia.

Wewe pia una vifaa viwili vyenye tabia tofauti. Kioo cha simu hutoa mwanga. Karatasi hurudisha mwanga. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani inayowaka kwenye simu yako haimo ndani ya wino huo, kwa hiyo ikifika kwenye karatasi itakuwa imepoa. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu moja.

Picha ya kuchapwa inayosomwa mkononi inahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Turubai la kutazamwa kutoka mbali linaridhika na pungufu sana ya hapo. Nembo itunzwe kama faili la vekta, linaloweza kukuzwa bila kuchakaa. Nembo iliyokatwa kutoka kwenye picha ya WhatsApp ikivutwa mita tano hubaki vigae. Na unapompelekea mchapaji kazi kwa WhatsApp, itume kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa njiani na kupoteza ubora.

Tangazo la simuni lina sheria zake. Mtazamaji ameshika kioo wima, mwanga wa jua uko juu yake, na kidole gumba kiko tayari kupita. Lifanye wima. Weka jambo kuu juu. Tofautisha herufi na usuli wake kwa nguvu: nyeusi juu ya njano inasomeka juani, njano juu ya nyeupe haisomeki hata kivulini. Kisha andika tarehe, saa na mahali pia kama maneno ya kawaida chini ya picha, ili asiyeona vizuri asomewe na simu yake, na mwenye kubana matumizi ya intaneti apate habari bila kupakua picha.

Hatua ya 10: Jaribu, halafu bandika, halafu bandua

Peleka kazi yako mahali itakapokaa. Simama umbali ule ulioandika kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, mpe mtu asiyeijua muda uleule, kisha iondoe na umuulize alichoona. Akitaja ulichokusudia, bandika. Akitaja maua ya pembeni, yaondoe maua. Zoezi hili halina gharama, na linaokoa fedha za kamati kuliko punguzo lolote la mchapaji.

Shughuli ikishapita, rudi na ngazi. Turubai la tamasha la mwaka juzi bado linapigwa na upepo kwenye nguzo, mgombea aliyeshindwa bado anatabasamu ukutani, na semina iliyokwisha bado inaalika watu. Kila tangazo lililopitwa na wakati linawafundisha wapita njia kuwa nguzo ile na ukuta ule havina habari ya kweli, na siku mtakapokuwa na onyo la kipindupindu au la mafuriko, mtalibandika mbele ya watu walioshazoea kutotazama. Basi bango likimaliza kazi yake, uliyelibandika libandue, na bajeti ya kulibandua iingie kwenye kikao kilekile kilichopitisha bajeti ya kulichapa.